Mgonjwa anaposema "nzuri"

Ndugu zangu, habari za huko mliko?

Najua mmeshajibu kimoyomoyo: nzuri. Hata wewe ambaye kodi ya nyumba imekupita wiki mbili, hata wewe ambaye jino limekukesha usiku kucha, umejibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa sisi tunaoishi ndani ya Kiswahili. Habari ni nzuri kwanza, mengine yatafuata. Unafika msibani unamuuliza mfiwa habari za hapa, anakwambia nzuri, ila ndiyo hivyo, tumefiwa. Habari yenyewe iko baada ya "ila".

Leo nataka kuandika juu ya watu ambao kazi yao ni kuitafuta hiyo "ila". Usidhani nitajipigia debe sisi waandishi wa habari. Nazungumzia manesi, au wauguzi kama wanavyoitwa kwenye barua za serikali. Nimekaa nao wodini siku kumi na moja nikimuuguza baba mkubwa, na tangu nirudi Dar es Salaam kuna jambo linanisumbua ambalo nafasi yake gazetini haikupatikana. Ndiyo maana nalileta hapa.

Nilipoanza kazi mhariri wangu alinifundisha maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Akasema habari isiyojibu maswali hayo si habari, ni tetesi. Sasa mkae mkijua kwamba nesi naye ana maswali yake, na ni mengi kuliko yangu. Vyuoni wanaiita tathmini ya mgonjwa. Ni hatua ya kwanza katika hatua tano za uuguzi: tathmini, kubaini matatizo ya mgonjwa, kupanga huduma, kuitekeleza, halafu kupima kama imesaidia. Hatua nne zote za mwisho zinaning'inia kwenye ile ya kwanza. Ukiuliza vibaya, utapanga vibaya, na utatekeleza kwa bidii kitu ambacho hakihitajiki.

Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza anayekumbukwa kila tarehe 12 Mei, aliliona hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi aliweka sura nzima juu ya kumwangalia mgonjwa. Humo alilalamikia maswali yanayobeba majibu yake mgongoni. Ukimuuliza mtu kama mgonjwa amelala vizuri, hujauliza kitu, kwa sababu kila mtu ana "vizuri" yake. Uliza amelala saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Hapo utapata kitu cha kuandika.

Sasa tafakari kuhusu lugha yetu. "Hujambo?" Lichambue neno hilo. Ni kama kusema: huna jambo, sivyo? Na mwenzako anakubali: sijambo, sina jambo. Yaani salamu yetu ni swali linalobeba jibu lake mgongoni, na kukataa jibu hilo ni kama kukosa adabu. Mzee amelala kitandani na dripu mkononi, kijana anamwamkia shikamoo, naye anakusanya nguvu zake zote zilizobaki ili aseme marahaba. Ni lugha ya watu wastaarabu, siikatai. Lakini kwa mtu anayetakiwa kujua ugonjwa uko wapi, ni ukuta.

Niwapeleke wodini sasa. Ni wodi ya upasuaji ya wanaume katika hospitali moja ya serikali Kanda ya Ziwa. Jina la hospitali si muhimu. Usiku kuna nesi mmoja na mhudumu mmoja, na nilihesabu wagonjwa 34. Fomu za kufuatilia wagonjwa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nesi alikuwa amechora mistari kwa rula kwenye kauntabuku la kawaida la shule.

Kitanda cha karibu na dirisha alilala baba mkubwa. Ana miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa suruali yenye mkunjo na saa ya mkononi. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa amebadilika. Alianza kucheka mahali pasipo na kicheko. Akawa hajali kuoga. Kila asubuhi kichwa kilimuuma, na mara nyingine alitapika kabla ya chai, kisha jua likipanda anapata nafuu. Ndugu wengine walisema ni uzee, wengine wakasema amerogwa kwa ajili ya shamba. Zahanati alitibiwa malaria mara tatu. Mwishowe kichwa kilipigwa picha ya CT, ukaonekana uvimbe mkubwa sehemu ya mbele ya ubongo. Tukawa tunasubiri gari la kumpeleka hospitali ya rufaa.

Siku aliyolazwa, nesi wa mapokezi alimuuliza mama mkubwa maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Kichwa kinauma saa ngapi? Akiinama au akikohoa kinazidi? Anajikwaa? Anagonga fremu za milango? Amewahi kuanguka na kutetemeka mwili? Kisha akauliza swali nililoliona la ajabu: je, bado anasikia harufu? Mama mkubwa akanyamaza kidogo. Akakumbuka kwamba siku moja uji uliungua mpaka nyumba nzima ikajaa moshi, na mzee alikuwa amekaa pembeni ya jiko akisoma gazeti. Hakunusa kitu. Walidhani ni dharau.

Nilimuuliza nesi baadaye swali lile lilitoka wapi. Akanieleza kwamba ubongo una mitaa, na kila mtaa una kazi. Mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, ndiko kunakokaa tabia, aibu na mipango ya mtu, na chini yake inapita mishipa ya harufu. Nyuma ya kisogo kuna mambo ya kuona. Sehemu ndogo ya nyuma chini inashika mizani ya mwili. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto. Mkono wa kulia unaendeshwa na upande wa kushoto, na wa kushoto unaendeshwa na upande wa kulia. Kwa hiyo anapouliza juu ya harufu, au anapomwambia mgonjwa amminye vidole vyake kwa mikono yote miwili, anatafuta ni mtaa gani umevamiwa. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, aliniambia, asipelekwe kokote kabla ya hospitali. Si lazima awe na uvimbe, lakini ni lazima achunguzwe.

Na hatari ya uvimbe ndani ya kichwa haiko kwenye uvimbe peke yake. Iko kwenye fuvu. Mtoto mchanga utosi wake bado laini, kichwa kinaweza kutanuka kidogo. Wewe na mimi fuvu limeshafunga. Ni daladala iliyojaa ambayo haina dirisha wala mlango wa nyuma. Ndani mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Madaktari wawili wa Scotland, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, ndio waliolieleza jambo hili: kikiongezeka kimoja, lazima kingine kipungue. Mwanzoni maji na damu husogea kupisha. Mgonjwa anaweza kukaa miezi akionekana mzima. Nafasi ya kusogea ikiisha, mambo hubadilika kwa saa, si kwa miezi.

Mgonjwa wa pili ni dereva wa malori. Aliletwa usiku wa tatu, saa nne hivi, na alianza kusikika tangu getini. Sijawahi kusikia mwanaume mzima akilia vile. Alikuwa hawezi kukaa, hawezi kulala, hawezi kusimama. Anajikunja, anajinyoosha, anashika ukuta, anatapika. Daktari wa zamu akaja mbio, mhudumu akaja mbio, wenye wagonjwa wote tukasimama. Jiwe lilikuwa limetoka kwenye figo na kunasa kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mrija huo una upana wa milimita chache tu, na unajikaza kwa mawimbi kulisukuma jiwe. Ndiyo maana maumivu huja, hupoa, yakaja tena.

Katikati ya vurugu ile nesi alikuwa anauliza maswali kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepima nyama buchani.

"Kaka, maumivu yameanzia wapi?"

Akaonyesha ubavuni nyuma, chini ya mbavu.

"Yanakwenda wapi?"

Akashuka na kidole mpaka kwenye kinena.

"Kwenye sifuri mpaka kumi, sifuri hakuna maumivu, kumi hujawahi kuona zaidi ya hapo, uko ngapi?"

"Kumi na tano, sista! Niandikie kumi na tano!"

Wodi nzima ilicheka, hata yeye nusura acheke. Nesi akaandika kumi, akamchoma sindano ya maumivu aliyoagiza daktari, akaandika na saa. Akaendelea. Haja ndogo ina rangi gani? Kuna damu? Una homa, unatetemeka kwa baridi? Umewahi kupata hii? Baba au ndugu yako amewahi? Kwa siku unakunywa maji kiasi gani? Hapo dereva alikiri kwamba njiani hanywi maji kusudi, ili asilazimike kusimamisha gari. Anakunywa soda moja mchana na maji usiku akishafika. Kwenye joto letu hili, mkojo ukiwa mchache na mzito, chumvi zilizomo hugandamana, na mawe mengi ya figo hujengwa hivyo, kwa kalsiamu na kitu kinachoitwa oksaleti.

Halafu akamuuliza amekulia wapi, na kama utotoni alikuwa akioga kwenye madimbwi. Nilidhani ni mazungumzo ya kumpoza tu. Kumbe hapana. Damu kwenye mkojo kwa nchi zetu inaweza kuwa jiwe, na inaweza kuwa kichocho. Aliyekulia vijijini Unguja au Pemba, au huku Kanda ya Ziwa, lazima aulizwe. Na kama mgonjwa angekuwa mwanamke, angeulizwa mara ya mwisho aliona siku zake lini, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huuma tumboni upande mmoja na inaua haraka. Hata kule kugaagaa kwake kulikuwa jibu. Mtu ambaye tumbo limechafuka ndani, mfano kidole tumbo kimepasuka, hulala kimya bila kujitikisa, kwa sababu kila mtikisiko unamuumiza. Mwenye jiwe hatulii. Nesi alikuwa ameshaandika hilo kabla dereva hajafungua mdomo.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo kuna jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Sote tulikuwa kwa dereva. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuka kumtazama yeye. Ni kawaida ya binadamu, sauti inavuta macho. Hata magazetini kwetu ndivyo tunavyofanya kazi, mwenye kelele anapata ukurasa wa kwanza. Lakini sindano ilipoanza kumtuliza dereva, nesi hakwenda kupumzika. Alichukua kauntabuku lake na tochi ndogo, akaja moja kwa moja kwa mtu ambaye usiku ule hakuwa amesema lolote.

"Mzee, habari?"

Baba mkubwa hakufungua macho. Nesi akaita tena kwa nguvu. Akafungua, akajibu: "Mhola."

Nesi, mtu wa Songea, akanigeukia. "Kaka, hilo alilosema ni neno au anaguna?"

Nikamwambia ni neno, ni Kisukuma. Maana yake nzuri, salama.

Yaani hata pale, ubongo ukiwa unabanwa, salamu ilikuwa bado inajijibu yenyewe. Adabu ndiyo iliyokuwa imebaki macho. Kama nesi angekuwa mtu wa kuridhika na nzuri, angegeuza kurasa na kwenda kitanda kinachofuata. Badala yake akaniambia: muulize kwa lugha hiyohiyo, hapa tulipo ni wapi. Kisukuma changu ni cha likizo, lakini hicho nilikiweza. Baba mkubwa akanijibu kwamba giza linaingia na ndama hawajarudi zizini. Nikamtafsiria nesi. Akaandika namba nne.

Namba hizo nimezisoma tangu hapo, na ningependa kila mmoja wenu azijue. Zilitungwa Glasgow na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, wakazichapisha mwaka 1974, na leo zinatumika dunia nzima. Zinapima vitu vitatu. Macho: akifungua mwenyewe anapata 4, akiitwa 3, akiminywa 2, asipofungua 1. Maneno: akijua yeye ni nani, yuko wapi na ni lini anapata 5, akizungumza lakini amechanganyikiwa 4, maneno mojamoja yasiyoungana 3, miguno tu 2, kimya 1. Mwili: akitii anachoambiwa anapata 6, akipeleka mkono penye maumivu 5, halafu zinashuka mpaka 1. Jumla kubwa ni 15. Ndogo kabisa ni 3, kwa maana hata maiti anapata tatu. Chini ya 9 ni hali mbaya sana.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni mwendo wake, ndiyo sababu anayepima lazima apime tena na tena na aandike saa. Saa mbili usiku baba mkubwa alikuwa na 15. Sasa ilikuwa karibu saa tano: macho 3, maneno 4, mwili 6. Kumi na tatu. Pointi mbili zilikuwa zimepotea bila mtu yeyote kulia.

Na hebu fikirini lile swali la lugha. Kama ningekuwa nimekwenda kununua maji, mtu angeweza kuandika kwamba mzee anatoa miguno isiyoeleweka, apewe 2, wakati anazungumza lugha yake vizuri kabisa. Au angeridhika na salamu, ampe 5. Namba zote mbili zingekuwa za uongo, moja ya kutisha bure na nyingine ya kutuliza bure. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, wazee wakizidiwa hurudi kwenye lugha ya mama zao. Na si kila bibi kijijini anajua huu ni mwaka gani hata akiwa mzima. Ndiyo maana nesi mzuri hamuulizi bibi tarehe. Anamuuliza jina la mjukuu wake, anamuuliza leo ni siku ya soko au siyo, halafu anamtazama ndugu aliyesimama pembeni kuona kama jibu ni la kweli.

Nesi akamulika mboni za macho. Ya kulia ilikuwa kubwa kidogo na inasinyaa kwa uvivu kuliko mwenzake. Akapima presha: ilikuwa imepanda mpaka 168 juu ya 88, kutoka 130 juu ya 80 ya jioni. Akashika mkono, akahesabu mapigo dakika nzima akitazama saa yake. Yalikuwa yameshuka kutoka 82 hadi 58.

Mtu asiyejua angesema mapigo yametulia, mzee amelala usingizi mzuri. Nesi alitoka mbio. Ni mara moja tu nilimwona akikimbia katika siku kumi na moja. Baadaye alinieleza. Mtu anayepoteza damu, presha hushuka na mapigo huenda mbio. Kichwa kinapobanwa kutoka ndani huwa kinyume chake: presha inapanda, mapigo yanapungua, na kupumua kunavurugika. Daktari mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing alilieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo dalili hizo tatu zina jina lake. Zikikamilika zote tatu, mara nyingi mgonjwa ameshachelewa. Yeye alikuwa ameona mbili.

Daktari aliyekuwa kwa dereva akavuka wodi. Wakanyanyua kichwa cha kitanda, wakamnyoosha shingo isikunjike ili damu ishuke vizuri, wakamtundikia mannitol, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe unaouzunguka uvimbe wenyewe. Kabla ya saa sita alikuwa ameshuka hadi 11. Saa tisa usiku akapanda 13. Alfajiri gari lililokuwa halipatikani kwa siku tatu likapatikana.

Alipasuliwa wiki ileile. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye ngozi zinazoufunika ubongo, na aina hiyo mara nyingi si saratani. Harufu haijamrudia. Anachoka haraka, na hasira zake ni za ghafla kuliko zamani. Lakini anaoga, anavaa saa yake, na mwezi uliopita alinisahihisha Kiswahili kwenye simu, kwa hiyo namhesabu kuwa amepona.

Dereva je? Kuna jambo lake moja la kuwaambia. Karibu na alfajiri alinyamaza ghafla. Sisi tukashukuru Mungu, jamaa amepata usingizi. Nesi akamwendea tena na kipimajoto. Maumivu ya jiwe yakikata, huenda jiwe limetoka, na huenda bado limeziba na figo inaendelea kujaa. Jiwe lililoziba likikutana na homa ni dharura, kwa sababu mkojo uliotuama una wadudu, na sumu yake inaingia kwenye damu. Kwa bahati nzuri homa hakuwa nayo, na mkojo ulikuwa unatoka. Akapewa kopo na kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akaambiwa kila akienda haja ndogo achuje. Siku ya pili akapata kokoto dogo kama punje ya mchele. Aliliweka kwenye kiberiti akawa analionyesha kitanda hadi kitanda. Watu walikataa kuamini kwamba kitu kile ndicho kilichokuwa kikipiga kelele zote zile.

Mawe ya chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka yenyewe hivyo. Makubwa huhitaji kuvunjwa au kutolewa. Na aliyewahi kupata jiwe ana nafasi kubwa ya kupata jingine, kwa hiyo dereva aliondoka na masharti: anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, walau lita mbili na nusu za mkojo kwa siku, na apunguze chumvi. Maziwa aliambiwa asiyaache. Mtaani tunaambiana kalsiamu ndiyo inayoleta jiwe, kumbe ile ya kwenye chakula hukamatana na oksaleti tumboni ikatoka nayo chooni.

Nimeandika marefu, mnisamehe. Ninachotaka kusema ni kwamba tunapozungumzia afya nchini mwetu tunahesabu majengo, mashine na madaktari bingwa. Ni sawa, bila ile picha ya CT tusingejua kitu, na bila mpasuaji mzee asingekuwepo. Lakini kati ya picha na kisu kuna usiku. Usiku ule ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kauntabuku, wagonjwa 34 na tabia ya kutoamini neno nzuri. Mtu huyo akiwa na wagonjwa 34, ni wangapi ataweza kuwarudia kila nusu saa? Wasiolia ndio watakaorukwa, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu mikono yake ni miwili. Tukidai manesi waongezwe, tusidai kwa kuwahurumia wao. Tudai kwa ajili ya mgonjwa anayesema yuko salama.

Na siku mkimpeleka mtu hospitali, msaidieni nesi. Andikeni kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani: ilianza lini, saa ngapi inazidi, ametapika mara ngapi, choo kikoje, dawa gani amemeza, tabia yake imebadilika nini, hata lile dogo mnaloliona la aibu. Uji ulioungua ulikuwa dogo. Na kama mgonjwa ana lugha yake, asiachwe peke yake usiku bila mtu anayeijua.

Nawatakia wiki njema. Kunyweni maji.